Mikanda ya jamaa za Wayahudi, toka Rhodes mpaka Katanga

Mji wa Yerusalemu ulipokuwa umezungukwa na majeshi ya Babeli, nabii Yeremia alinunua shamba. Alimlipa Hanameli, mwana wa ndugu ya baba yake, sekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aitie katika chombo cha udongo, ipate kudumu siku nyingi. Habari hiyo imo katika sura ya 32 ya kitabu chake. Katika mahubiri tunaieleza kwa kawaida juu ya matumaini, na ni haki. Lakini tutazame pia kitendo chenyewe: mtu anayejua kwamba mji utaanguka anahangaika na karatasi ya jamaa yake.

Zaidi ya miaka 2500 nyuma ya hayo, watu wa taifa lile lile walifanya jambo lile lile katika mji wa Warsaw, nchi ya Polandi. Wajerumani walikuwa wamewafungia Wayahudi katika mtaa wenye ukuta. Mwezi wa Novemba 1940, mwalimu wa historia jina lake Emanuel Ringelblum alianza pamoja na wenzake kukusanya mikanda ya kila namna: barua, wasia, daftari za watoto wa shule, tikiti za tramu, hata karatasi za kufungia pipi. Kikundi chao kilijiita Oyneg Shabes, maana yake furaha ya Sabato, kwa kuwa walikutana siku za Sabato. Mwezi wa Agosti 1942, wakati watu walipokuwa wakipakiwa katika treni za kwenda Treblinka, mwalimu mmoja na vijana wawili walizika masanduku 10 ya chuma chini ya nyumba iliyokuwa shule. Mwezi wa Februari 1943 fungu lingine lilizikwa ndani ya mitungi miwili ya maziwa. Ringelblum mwenyewe aliuawa mwaka 1944 pamoja na jamaa yake. Masanduku yalifukuliwa mwaka 1946. Mitungi ilionekana mwaka 1950. Fungu la tatu limetafutwa, lakini mpaka leo halijaonekana.

Sababu gani walifanya taabu hiyo yote, wakati mkate wenyewe haukutosha? Kwa kuwa adui naye alikuwa na mikanda yake, imeandikwa kwa mashine na kupangwa vizuri. Kama Wayahudi wasingeacha neno lao, habari yao ingesimuliwa na karatasi za waliowaua tu.

Hapo ndipo penye shauri letu la leo. Kila jamaa ina mikanda ya namna mbili. Kuna ile inayotunzwa na jamaa yenyewe ndani ya sanduku, na kuna ile inayoandikwa na wengine juu yake: na Leta, na polisi, na sisi mapadri. Namna ya kwanza yapotea upesi. Namna ya pili yadumu, lakini haisemi yote, na mara nyingine iliandikwa kwa nia mbaya. Tutafwata njia ya jamaa ambazo safari yao ilifika mpaka hapa kwetu Katanga.

Mbele ya safari hiyo, neno moja juu ya desturi ya Wayahudi. Kwao, andiko lenye jina la Mungu halitupwi wala halichomwi. Likichakaa, huwekwa pahali panapoitwa geniza, halafu huzikwa kama maiti ya mtu. (Sisi twachoma matawi ya mwaka jana tupate majivu ya Kwaresima, kila kanisa na desturi yake.) Katika sinagoga ya Ben Ezra, mjini Kairo, geniza haikuondolewa muda wa karne nyingi, nao watu walitia humo hata barua za nyumbani na hesabu za biashara. Mwaka 1896 na 1897 mwalimu Solomon Schechter alizichukua nyingi na kuzipeleka Cambridge, Uingereza: vipande zaidi ya 190,000. Kati yao imo barua ya Daudi, ndugu mdogo wa mwalimu mkubwa Moses Maimonides. Aliiandika bandarini Aydhab, kwenye Bahari ya Shamu, karibu na mwaka 1170, akimweleza kaka yake hatari za jangwa na shauri lake la kuvuka kwenda India. Alizama baharini na mali yote ya jamaa. Barua hiyo moja yatufundisha juu ya wafanya biashara wa bahari yetu ya mashariki mambo ambayo hakuna mwandishi wa wafalme aliyeyaandika.

Sasa twende Rhodes. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakijua kisiwa hicho kwa jina la Rodo: katika sura ya 21 Mtakatifu Paulo anapita Kosi, kesho yake Rodo. Katika visiwa hivyo viwili Wayahudi walikaa toka zamani sana. Nyuma ya mwaka 1492, walipofukuzwa Hispania, wengine wengi walifika huko na kuleta lugha yao, Kihispania cha kale ambacho huitwa Ladino. Sinagoga yao Kahal Shalom ni ya mwaka 1577, na ingali yasimama. Waliishi chini ya Waturuki mpaka mwaka 1912, halafu chini ya Waitalia. Fikirini basi sanduku la nyumba moja ya Rhodes: hati ya ndoa ya bibi kwa Kiebrania na Kiaramu; cheti cha babu kwa Kituruki katika herufi za Kiarabu; vyeti vya shule kwa Kifaransa, kwa kuwa shule za Alliance Israélite Universelle zilifundisha Kifaransa; pasporti kwa Kiitalia; na barua za mama kwa Ladino, zimeandikwa katika mwandiko wa mkono unaoitwa solitreo. Mwandiko huo ni namna ya herufi za Kiebrania, lakini mwenye kusoma Kiebrania cha seminari asijisifu: hataweza kuusoma. Leo wanaoujua ni wachache sana duniani. Wajukuu wengi wanashika barua ya bibi yao sawa na picha. Wanajua ni ya bibi, hawajui yasema nini.

Kisiwa kilikuwa maskini, nao vijana walianza kuondoka. Treni ilifika Elisabethville mwaka 1910 toka kusini, na kwa njia hiyo ya reli wafanya biashara waliokuwa Rhodesia walipanda mpaka Katanga. Mmoja alimwita ndugu yake, ndugu akamwita shemeji. Mwaka 1911 jumuiya ya Wayahudi ya Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa. Sinagoga ya Elisabethville, ambayo ingali yasimama katika Lubumbashi, ilijengwa karibu na mwaka 1930. Mwaka 1937 alifika rabi kijana, mwana wa Rhodes, Moïse Levy; alikaa na kazi yake mpaka mwaka 1991, miaka 54. Ni mapadri wachache waliokaa Katanga muda wa namna hiyo. Jamaa nyingine zilikaa hata Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, na katika vituo vya njia ya reli. Waliuza vitambaa, chumvi, samaki, baiskeli. Wazee wetu wa mitaa ya wafanyakazi waliingia katika magazini yao bila kujua sana tofauti ya Mgiriki na Mwitalia na Myahudi. Wote walikuwa Wazungu wa biashara.

Mwaka 1938 Serikali ya Italia ilitoa sheria juu ya Wayahudi. Shule ya marabi ya Rhodes ilifungwa, watu wengi walinyang'anywa uraia, na wenye ndugu Katanga au Rhodesia walifanya mbio kuwafwata. Toka mwaka 1940 Italia na Kongo ya Wabelgiji zilikuwa pande mbili za vita, na barua za kawaida zilikatika. Katika siku za vita zile, wenye jamaa ng'ambo ya pili walipewa na Msalaba Mwekundu karatasi ya maneno 25, isiyo na habari yoyote isipokuwa ya nyumbani. Maneno 25 kwa mama! Mwenye kuandika barua ndefu ajaribu.

Mwezi wa Julai 1944, Wajerumani waliokuwa wametwaa kisiwa waliwaita wanaume Wayahudi waje na vyeti vyao vya utambulisho. Walitii, wakafungwa, kisha wanawake na watoto wakaamriwa kuwafwata. Tarehe 23 Julai walipakiwa katika mashua, wakapelekwa Athens na toka huko kwa treni mpaka Auschwitz, walipofika tarehe 16 Agosti. Toka Rhodes na Kos waliondolewa watu zaidi ya 1700. Waliorudi hai ni karibu 150. Katika majuma yale konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, Mwislamu, alikwenda kwa Wajerumani na kudai watu wake. Aliwaombea wenye vyeti vya Kituruki, na hata wake na waume zao wasiokuwa navyo, akisema sheria ya Uturuki inawahesabu kuwa Waturuki. Sheria hiyo haikuwapo. Aliokoa watu 42 hivi. Karatasi ile ile, jina na tarehe ya kuzaliwa, ilimpeleka mmoja kifoni na kumwondoa mwingine mlangoni pa gereza.

Basi wenye kujua habari hizo walikuwa wapi nyuma ya vita? Kwa sehemu kubwa walikuwa huku. Nyumba nyingi za Elisabethville zilikuwa na baba na mama, kaka na dada waliobaki Rhodes, na katika mwaka 1945 zilipata orodha ya waliorudi badala ya barua. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930 na kupoteza baba na dada yake Auschwitz, alikuja Kongo kijana bado, akafanya kazi katika nchi hii miaka mingi. Alinyamaza. Alikuwa amepita miaka 70 alipoanza kusema habari yake mbele ya vijana wa Italia, na kitabu chake kilitoka mwaka 2013. Muda huo wote aliouishi kati yetu, nani kwetu alimwuliza?

Mwaka ule ule 2013 jambo kubwa lilitokea Rhodes. Katika nyumba ya polisi zilionekana faili za zamani za polisi wa Italia, Carabinieri, makumi ya maelfu, za miaka ya 1932 mpaka 1945. Mkuu wa hifadhi ya mikanda ya Serikali ya Ugiriki katika visiwa hivyo, Bibi Eirini Toliou, alizichukua na kuzipanga, na nakala zilipelekwa kwenye makumbusho ya Holokosti ya Washington. Wajukuu waliokuwa hawana hata picha moja ya babu sasa wanaweza kuona faili yake. Ndani wanaona alisafiri lini, alipokea wageni gani, jirani alimsingizia nini. Tunasema wazi: ni zawadi yenye uchungu. Mwandishi wa faili hakumpenda yule aliyemwandika. Hata hivyo aliandika, na bila yeye yasingebaki majina mengi.

Upande wa mikanda ya jamaa zenyewe, kazi ilifanywa na mjukuu. Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye wazee wake walitoka Rhodes, alifungua mwaka 1997 makumbusho katika vyumba vya zamani vya wanawake ndani ya Kahal Shalom, akayatia picha na vyeti vilivyotoka katika nyumba za watu waliotawanyika duniani. Na juu ya Kongo, Moïse Rahmani aliandika mwaka 2002 kitabu chake Shalom Bwana, na mbele yake Milantia Bourla Errera alikuwa ametoa maisha ya rabi Levy. Vitabu hivyo ni vya Kifaransa na vilitoka Ulaya. Kwa Kiswahili cha Katanga hatuna.

Mikanda iliyokuwa huku, je? Jamaa nyingi ziliondoka katika matata ya miaka ya 1960, na nyingine nyuma ya tarehe 30 Novemba 1973, Serikali ya Zaire ilipotangaza kutwaa biashara za wageni. Mtu wa namna hiyo anachukua nini? Pasporti, picha za arusi, labda hati ya ndoa ya wazazi. Buku la madeni la magazini analiacha kaunta. Kwa historia yetu sisi, buku hilo la madeni ndilo lingekuwa na thamani kubwa kuliko picha za arusi: ndani yake yaliandikwa majina ya wafanyakazi wa Union Minière, kitambaa walichokopa kwa ajili ya wake zao, na siku waliyolipa. Mwenye kupokea magazini mwaka 1973 alihitaji vitambaa, si madeni ya zamani. Karatasi ilifaa kufungia karanga.

Hatusemi hayo ili kuwacheka wengine, kwa maana jambo linatugusa sisi wenyewe kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya Roma. Tarehe 2 Machi 2020 Papa Fransisko alifungua mikanda ya miaka ya Pio XII, na mwezi wa Juni 2022 Sekretarieti ya Vatikano ilianza kuweka mbele ya watu wote, kwa njia ya intaneti, fungu linaloitwa «Ebrei», yaani Wayahudi: mabuku 170 ya maombi ya msaada, shauri kama 2700. Humo imo barua ya mwanafunzi mmoja Mjerumani, Werner Barasch, aliyefungwa katika kambi ya Hispania mwaka 1942; yeye aliokoka na kufika Marekani. Kwa wengine wengi faili inakatika katikati, na ni juu ya watu wa jamaa zao kutafuta mwisho ulikuwaje. Wataalamu wanaendelea kushindana juu ya yale Papa Pio aliyoyafanya na aliyoyaacha. Kwa maoni yetu, Kanisa linaloamini yale ya Nostra Aetate ya mwaka 1965 halina sababu ya kuogopa mashindano hayo. Mwombaji aliandika barua kwa Baba Mtakatifu. Barua ni ya Vatikano kwa sheria, lakini maisha yaliyomo ni ya jamaa ile.

Ya pili ni ya hapa karibu, katika sakristia zetu. Wazungu wa biashara, Wayahudi kama wengine, walizaa watoto na wanawake wa nchi hii. Wengi wa watoto hao walibatizwa kwetu. Fungueni vitabu vya ubatizo vya zamani: jina la mama lipo, pahali pa baba hamna kitu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, yasema kwamba mtoto asiye wa ndoa aandikwe pamoja na jina la baba ikiwa baba amethibitika kwa hati ya Serikali, au kama mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili; pasipo hayo, jina la baba haliandikwi. Ni sheria yenye akili, maana yazuia masingizio. Lakini pahali pale patupu pana mtu. Na mara nyingine padri wa zamani, asipoweza kuandika jina katika safu yake, aliacha alama pembeni kwa kalamu, neno moja juu ya aliyemleta mtoto au aliyelipa shule. Mwenye kunakili kitabu asiruke maneno ya pembeni.

Twajua pia kwamba watoto mametisi wengi walichukuliwa kwa nguvu toka kwa mama zao na kutiwa katika misioni. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, Serikali ya Ubelgiji tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba Serikali hiyo ina hatia juu ya wanawake watano waliopelekwa wakiwa wadogo kwenye misioni ya Katende, Kasai. Hifadhi ya mikanda ya Ubelgiji inawasaidia sasa wenye kutafuta faili zao. Wanaotafuta ni wazee. Wakifika kwenye mlango wa parokia, au wakimtuma mjukuu, tumesikia kwamba hapa na pale hujibiwa: paroko amesafiri, ufunguo haupo, rudi juma lijalo. Mtu wa miaka 80 ana majuma mangapi?

Na watu wa Likasi wasidhani kwamba hayo ni ya Wazungu na mametisi tu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu. Walilala stesheni siku na majuma wakingojea treni, wengine wakafa hapo. Nyumba zao ziliingiwa na wengine. Waliondoka na godoro na sufuria, na waliosahau bahasha ya vyeti hawakupata kurudi kuichukua. Kwa wengi wao karatasi pekee iliyobaki Likasi yenye majina yao ni mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo au cha ndoa.

Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na hifadhi yake, na vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 inadai zaidi: orodha ya mikanda ifanywe mara mbili, moja ibaki parokiani, moja ipelekwe kwa askofu. Ni parokia ngapi zilizokwisha kuandika orodha hiyo? Mchwa hawangoji, wala mvua ya mwezi wa kwanza. Haihitaji mashine. Mwanaseminari wa vakansi pamoja na katekista mmoja anayejua kusoma mwandiko wa zamani wanaweza kuimaliza kwa siku chache: kitabu cha kwanza kinaanza mwaka gani, kinaishia namba gani, kurasa zipi zimeliwa, kabati gani, ufunguo kwa nani.